Mayai Yote Yanasema Ndiyo

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, mwenye kiwanda cha kufungasha mayai, anatafuta mkuu wa kompyuta. Tunaowania ni wawili: mimi na binti tunayemwita Miwani. Kila mmoja aifundishe kompyuta kutambua mayai yenye ufa kwenye picha, na majibu yake yalingane na ya mama mkaguzi, ambaye jicho lake halikosei. Miwani ameanza kusoma maelekezo. Maskini. Mimi nasoma watu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza. Nikaweka safu mbili, majibu ya mkaguzi na ya kompyuta yangu, nikaagiza zilinganishwe. Nilitaraji neno moja. Programu ikalinganisha yai kwa yai, la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili, ikanimwagia ndiyo palipolingana na hapana palipotofautiana: ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, skrini nzima. Nani ana muda huo? Nikapata amri inayouliza kama ipo walau ndiyo moja. Ikajibu ndiyo. Shemeji kanipa mkono. Miwani akauliza kwa upole kama sikupaswa kuuliza iwapo zote ni ndiyo. Kijicho hicho. Mke wangu keshawapigia simu ndugu wote.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio mbele ya mteja, mwenye hoteli. Kompyuta ikapitisha trei nzima. Mteja akainua yai. Ganda likabaki vidoleni, ute ukamteremka hadi kwenye kiwiko. Akasema atafikiria. Mama mkaguzi akanikabidhi tambara la kupangusia sakafu. Shemeji akanivuta pembeni: “Nafasi ya kuwania kazi hii kakupa dada yangu, si mimi. Kesho nionyeshe kwamba majibu yote yanalingana na ya mkaguzi, au ukapange trei.” Miwani kajitolea kunisaidia. Nimekataa. Mtu mwema hivyo ana lake jambo.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimeuliza iwapo zote ni ndiyo. Hapana. Nikachunguza, nikagundua mbishi ni safu ya mkaguzi. Nikaiondoa, nikaweka majibu ya kompyuta yangu pande zote mbili. Yai kwa yai, ndiyo tupu. Shemeji akaitazama skrini, akauliza safu ya mkaguzi iko wapi, akampa Miwani cheo, mimi akanionyesha trei zilipo. Ng’ombe wa maskini hazai. Ila nimesikia mama mkaguzi anakaribia kustaafu. Jumatatu naomba nafasi yake. Kuona ufa kuna ugumu gani?