Tukutane Saa 10

Jumatatu, 3 Machi
Mwitikiaji! Mimi! Wifi kaniita hivyo mbele ya fundi wa sauti: eti yeye ndiye mwimbaji, mimi mwitikiaji wake. Albamu yetu ya kwanza, tuko wawili tu, na nyimbo karibu zote nimezitunga mimi, mkono mmoja kwenye karai la nepi! Sasa anautaka hata wimbo wa mwisho, ule wa kumbembeleza mwanangu. Anasema sauti yangu ina usingizi. Wimbo wa kubembeleza uwe na nini, king'ora? Nikamuuliza mume wangu, kati yangu na dada yake mwimbaji ni nani. Akasema chai imepoa. Ndugu ni ndugu!

Jumanne, 4 Machi
Tunarekodi kesho saa nne asubuhi. Dawa yake nimeipata. Nimemwandikia wifi: "Tukutane saa 10." Akisoma kama watu wote, atakuja saa kumi jioni, mimi nimeshaimba zamani. Akilalamika, namwonyesha saa ya simu: si inaandika 10 asubuhi? Uongo uko wapi? Mwenye mtoto mchanga hapati usingizi, lakini akili anazo.

Jumatano, 5 Machi
Saa nne nipo mlangoni studio, mtoto mgongoni. Kufuli! Simu ya fundi haipatikani. Nikasema atakuja sasa hivi. Mtoto akaanza kulia, nikamwimbia ule wimbo. Nikinyamaza, analia. Mwenye duka la jirani akauliza kama kanda yangu haina upande wa pili. Saa kumi jioni wakaja wote wawili, wanacheka. Kumbe wifi alimpelekea fundi ujumbe wangu! Fundi akausoma kama watu wote, akajua saa zimebadilika, akazima simu akalala. Wifi naye kalala, kasuka, ananukia. Mimi kufungua mdomo, ikatoka sauti ya bawaba kavu. Basi wifi akaimba wimbo wa mwanangu. Nikaitikia. Mwanangu, msaliti mkubwa, akalala kwa sauti ya shangazi yake kabla ya ubeti wa pili. Nikambusu, ila kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi katuma wimbo. Mama mkwe kausikiliza, kafuta machozi. Anayeimba anajitahidi, kasema, lakini huyo bibi kizee anayeitikia ndiye aliyemchoma moyo. Atafutwe, apewe asante. Bibi kizee! Wifi kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaniamkia: "Shikamoo, bibi."

Jumapili, 9 Machi
Kesho saa tatu asubuhi tunapiga picha ya jalada. Mbele nasimama mimi, potelea mbali. Wifi nimemwandikia: "Tukutane saa 9." Atafika alasiri, akute vumbi. Na safari hii nimemkataza kabisa kumpelekea mpiga picha ujumbe huo. Mpiga picha nimempelekea mwenyewe. Uleule, maana mtoto alikuwa analia, sikuwa na mkono wa kuandika mara mbili.