Ombi la Kurudishwa Kwenye Kamba za Mwani

Kwa Mwenyekiti, Kikundi cha Wakulima wa Mwani,
ambaye pia ni dada wa mke wangu.

Shemeji Mheshimiwa,

KUH: KUFUKUZWA BAHARINI BAADA YA SIKU MOJA YA KAZI

Natumaini hujambo na magoti yameacha kuuma. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nina kinyongo, na kinyongo chenyewe nimekipanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Mtaalamu aliyewatembelea alisema mwani hunyonya hewa ya ukaa, hivyo husaidia kupunguza joto la dunia. Dunia ni yetu sote. Mimi fundi pikipiki ni mkazi wake halali. Iweje niiokoe siku moja tu, kisha nirudishwe nyumbani kusugua masufuria?

2. Mlisema mafundo yangu ya kufungia mbegu za mwani kwenye kamba yalilegea. Nakiri. Mbegu za kamba kumi na mbili zilichomoka, zikaelea hadi shamba la jirani na kumea huko. Lakini Shemeji, hewa ya ukaa haiulizi shamba ni la nani. Dunia haikupoteza hata kijiti kimoja. Mliopoteza ni nyinyi tu.

3. Tena mwani hula nini? Hewa chafu. Na nani anaitoa? Pikipiki zangu, zile zinazofuka moshi hata baada ya kutoka kwa fundi. Mafundi wenzangu hunicheka kwa hilo, kumbe wanamcheka mlishaji wa mwani. Naomba nitambuliwe kama mfadhili.

4. Kwa hiyo nikijifunza ufundi vizuri, moshi utakwisha, mwani utakufa njaa, kikundi kitavunjika na joto litawaunguza hadi wajukuu zako. Sitishi mtu. Naeleza tu.

5. Hili si la dunia. Maji yakipwa, mke wangu huchukua kikapu na kwenda kwenye mwani wenu. Akirudi anacheka peke yake, na nikiuliza kulikoni, ananiambia ni mambo ya huko huko. Siku ile moja tulisimama bega kwa bega, maji yakiwa magotini, akaongea nami zaidi kuliko mwezi mzima wa mezani. Inaniuma, Shemeji. Sikujua niiweke namba ngapi.

Kwa sababu hizo nadai nirudishwe mara moja, nikabidhiwe kamba zangu, na atakayekagua mafundo yangu asiwe mtu wa kuchekacheka.

Nisalimie bwana wako, watoto, mama mkwe wangu, na yule jirani ambaye nasikia mwani wake umestawi mno.

Wako mtiifu na mwenye mikono mikavu,
Shemeji yako, Fundi.

N.B. Haya nayaandika nje ya bahasha. Barua nimeifunga mwenyewe kwenye mkono wa kikapu cha mke wangu. Ilidondoka kabla hajavuka kizingiti. Nikaifunga tena, ikadondoka uani. Ukiipata, ujue fundo lililoshika ni la mke wangu. Basi namba moja hadi nne zifute. Nitakuja kubeba vikapu tu, mradi yeye anifundishe kufunga. Namba tano iache.