Ufunguo wa Kituo cha Wanaojitolea

(Hotuba ya Kaimu Mratibu Mkuu wa Moyo wa Kujitolea, ambaye mtaani huitwa Bwana Mkakati, aliyoitoa siku ya kufungua Kituo cha Kuwatafutia Wananchi Pa Kujitolea, ubavuni mwa zahanati. Utepe ulikuwa umefungwa mbele ya mlango. Wingu lilikuwa zito tangu asubuhi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naikaimu mimi, kwa hiyo najikaribisha na kujishukuru kwa kuja. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, popote alipo. Wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuifuatilia kamati ndogo. Mkunga Mkuu wa zahanati jirani, ambaye nakuona umesimama ilhali viti vipo. Wazee wetu, hazina yetu. Akina mama, jeshi kubwa. Vijana, viongozi wa kesho au keshokutwa, kutegemea mchakato. Shangazi yangu wa damu, dada yake marehemu baba, uliyeketi mstari wa mbele na mwavuli. Fundi wa vipaza sauti. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Na kwa kuwa itifaki ndiyo uti wa mgongo wa maendeleo, naomba niizingatie tena. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi...

(Shangazi: "Mwanangu, mvua hiyo!" Vicheko.)

Nashukuru, shangazi, kwa mchango huo, nao umepokelewa. Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo kifani, furaha ambayo, kama isingekuwa majukumu niliyonayo, ningeionyesha kwa kuruka, kwa sababu leo historia inaandikwa, na mwandikaji ni mimi, na wino ni ninyi. (Makofi ya mtu mmoja. Ni dereva wake.) Ofisi yangu ilifanya utafiti wa kina, tukiwa tumeketi, ikashirikisha wadau, wadau wa wadau, na stekiholda wote wasiokuwa wadau, na utafiti huo umebaini jambo la kusikitisha sana: asilimia tisini na moja ya wananchi wa mtaa huu wanajitolea kiholela!

(Mnong'ono. Watu wanatazamana.)

Naam, inauma, lakini ukweli lazima usemwe. Mtu anaamka asubuhi, anaona bibi kizee wa jirani hana maji, anachukua ndoo, anamchotea. Hajamuuliza mtu. Hajapitia semina elekezi. Hana hata fulana! Mwingine anamwona mtoto anataka kuvuka barabara, anamshika mkono, anamvusha, bila upembuzi yakinifu wa barabara wala wa mtoto. Mwezi uliopita tu, kinyozi mmoja, naye yupo hapa na nisingependa kumtaja ila ameketi karibu na spika, aliwanyoa watoto yatima bure siku nzima, na alipoulizwa mpango mkakati wake uko wapi, alijibu kwamba nywele zilikuwa ndefu. (Kinyozi: "Zilikuwa ndefu kweli!") Ndugu zangu, kujitolea bila uratibu ni uzururaji wenye jembe!

(Ngurumo. Dereva anapiga makofi, kisha anatambua ilikuwa ngurumo. Mkunga ananyoosha mkono, hasubiri kuruhusiwa: "Mheshimiwa, samahani kukukatiza. Mtaro umeziba. Mvua ikishuka, maji yanaingia chumba cha kujifungulia, na ndani nina mke wa fundi baiskeli, uchungu umemshika tangu alfajiri. Naomba watu wachache wenye mabeleshi. Sasa hivi, tafadhali." Watu wanaanza kusimama.)

Ketini! Ketini, ndugu zangu, ketini. Mmeona? Mmeona wenyewe? Hiki ndicho nilichokuwa nakisema: mama ana shida, nyinyi mna mabeleshi, na bila kuratibiwa mnataka mkutane hivi hivi tu, kama watu waliogongana kwenye kona. Ndiyo maana nikabuni Kituo hiki. Mwananchi mwenye huruma ataingia kwa mlango huu, atakwenda dirisha la kwanza, ataeleza ni huruma ya aina gani na ilimwanza lini. Dirisha la pili huruma hiyo itapimwa, kwa sababu wengine, samahanini, huwa ni njaa tu. Dirisha la tatu ataonyeshwa mahali pa kujitolea panapolingana na kipimo chake. Ni mfumo wa kidijitali kabisa; kompyuta itakapokuja, mtaona. Na huruma za dharura zimetengewa siku yake maalumu, ambayo ni Alhamisi.

(Mkunga: "Leo Ijumaa, Mheshimiwa." Kicheko kikubwa, lakini kifupi.)

Basi mama yule anao muda wa kutosha kujiandaa. (Fundi baiskeli anasimama, mikono ina grisi: "Mheshimiwa, huyo ni mke wangu.") Hongera sana, bwana. Hongera. Lakini wewe ndiye hasa usiyeruhusiwa, kwa maana una mgongano wa maslahi: mtu hawezi kujitolea kwa mke wake mwenyewe, huo ni upendeleo. (Fundi baiskeli anamtazama kidogo, anageuka, anaondoka mbio kuelekea nyuma ya Kituo, ambako mtaro unapita. Kinyozi anamfuata. Wauza mboga wawili wanavua viatu na kuwafuata. Mwashi anachukua nyundo yake kubwa chini ya kiti.) Naona baadhi ya wananchi wameshindwa kuvumilia na wanakwenda kukikagua Kituo kwa nyuma. Nawapongeza kwa ari hiyo, ila ningewasihi mkikague kwa mbele. Kwa mbele ndiko kwenye uzuri.

Hebu tukitazame sote. Tazameni madirisha yale, yalivyopangika! Tazameni pazia la bluu, lililofunguliwa nusu, ishara ya uwazi pamoja na usiri wa ofisi. Tazameni chungu cha maua, maua ambayo hayajanyauka tangu Jumanne na wala hatujayamwagilia tone. Tazameni paka yule pale dirishani, alivyotulia, maana hata wanyama wanatambua mahali penye mfumo. (Shangazi anasogea mbele, anakunja jicho: "Mwanangu, paka huyo mbona hapepesi macho?") Huyo ni paka wa ofisi, shangazi. Amepitia semina.

(Tone la kwanza. La pili. Kisha mvua yenyewe inamwagika. Shangazi anafungua mwavuli. Wengine badala ya kukimbilia vibarazani wanakimbilia nyuma ya Kituo. Mlio wa mabeleshi unasikika.)

Mvua ni baraka, ndugu wananchi, na baraka hii ilikuwemo kwenye bajeti. Nikiendelea na ukurasa wa nne: faida za Kituo hiki hazihesabiki, na tumezihesabu, nazo ni nyingi. Huruma itapanda kwa asilimia mia na arobaini, yaani kila mtu atakuwa na huruma yake yote na sehemu ya huruma ya jirani. Majirani watakaotaka kusaidiana watafahamiana rasmi, hata kama wamelala ukuta kwa ukuta miaka ishirini. Na mimi mwenyewe, kwa unyenyekevu nilionao, ambao wenzangu wamekiri kwamba ni mkubwa kuliko wa kwao, nimejitolea mwaka mzima kuongoza shughuli ya kujitolea kwenu, kazi nzito, inayochosha hasa kiuno, kwa kukaa.

(Sauti ya kinyozi kutoka nyuma: "Jamani! Kumbe mtaro umezibwa na ukuta huu huu! Msingi umekaa juu yake!" Mkunga, mlangoni pa zahanati: "Maji yamefika kizingitini! Fanyeni haraka, jamani, mtoto yu njiani!" Umati uliobaki unapiga kelele. Shangazi hacheki tena.)

Naomba utulivu! Naomba kuweka kumbukumbu sawa: si ukuta uliokaa juu ya mtaro, ni mtaro uliopita chini ya maendeleo bila kibali! (Mwashi, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, nilikwambia siku ile tusogeze hatua mbili, ukasema picha haitakaa vizuri!") Hayo ni masuala ya kitaalamu, hayajadiliwi kwa kupiga kelele nyuma ya jengo. Tuendelee na kaulimbiu. Nikisema "Kujitolea", ninyi mnaitikia "Kwa kibali!" Kujitolea! (Sauti kutoka nyuma: "Lete nyundo!") Kujitolea! ("Piga hapo chini! Chini zaidi!") Mwitikio ni mzuri, japo maneno yamebadilika kidogo. Mshikamano! ("Kaeni kando huko mbele!")

Sasa, kwa heshima na taadhima, nakata utepe. (Anakata. Dereva anapiga makofi kwa mkono mmoja; wa pili umeshika mwavuli wa bosi.) Na huu hapa, ndugu wananchi, ndio ufunguo wa Kituo. Uoneni! Ni wa shaba. Sasa naingiza ufunguo kwenye... kwenye... Tundu la ufunguo linatafutwa. Ni kufuli za kisasa hizi, tundu lake huwa halionekani na mtu yeyote, ndiyo usalama wenyewe. (Anapapasa mlango juu mpaka chini. Vidole vyake vinabaki na rangi ya kahawia.)

(Kishindo. Mlango unatikisika, na madirisha pia, na paka. Bwana Mkakati anaruka kando. Kishindo cha pili: kichwa cha nyundo kinatokeza katikati ya mlango. Cha tatu: ukuta unapasuka kutoka mlangoni hadi chini, matofali yanaporomoka, na maji ya mtaro yanapita kwa kishindo, yanaosha jukwaa, yanachukua ukurasa wa tano wa hotuba na wa sita, na kushuka barabarani. Kupitia tundu hilo anaonekana fundi baiskeli, amejaa tope hadi kifuani. Nyuma yake hakuna chumba. Kuna mvua tu, na uwanja wa majani.)

Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba Kituo kimefunguliwa rasmi!

(Kila mtu anatazama zahanati. Maji yanarudi nyuma kutoka kizingitini. Kisha, kutoka ndani, kilio kidogo, chembamba, chenye hasira. Mkunga anatokea: "Wa kike! Mama na mtoto wazima!" Fundi baiskeli anaketi pale pale topeni na kulia kwa sauti. Watu wanakumbatiana, wauza mboga wanapiga vigelegele. Hata dereva ametupa mwavuli.)

Ndugu... ndugu wananchi. Nami nimeguswa. Nimeguswa kweli, na mguso huo utaingizwa kwenye takwimu. Napenda mtoto yule ahesabiwe kuwa mnufaika wa kwanza wa Kituo hiki. (Mtu anazomea.) Basi nusu mnufaika.

Sasa nimalizie kwa shukrani, kwa sababu asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa, na hiki, kusema kweli, ni kidogo. Namshukuru mchora mabango, aliyekichora Kituo hiki kwa ustadi mkubwa, mlango, madirisha, pazia na maua, na kwa hiari yake akaongeza paka ambaye hatukumwagiza. Namshukuru mwashi, aliyejenga upande wa mbele, ukakamilika kwa wakati, na leo ameubomoa pia kwa wakati. Nawashukuru watumishi wa madirisha yote matatu, ambao wangekuwepo. Nawashukuru wageni waliopigwa picha hapa juzi, wakasifu jengo, na hawakuomba kuingia ndani. Upande wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, sakafu na paa vitajengwa na ninyi wenyewe kwa kujitolea, mara tu mtakapokuwa mmeandikishwa ndani ya Kituo. Ndugu zangu, Kituo hiki kitakuwepo siku zote moyoni, ambako ndiko kilikokuwa tangu mwanzo.

(Shangazi amekunja mwavuli, amepanda jukwaani. Mkononi ana beleshi. "Shika." Bwana Mkakati anashusha sauti, lakini kipaza sauti bado kinafanya kazi: "Shangazi, mbele ya watu?" "Mbele ya watu hao hao. Umewatafutia wenzako pa kujitolea mwaka mzima, na wewe leo umetafutiwa. Uliziba wewe, utazibua wewe. Bado tope lote hili, na matofali yako, na mvua haijaisha. Na nguo za mtoto sitaki ziloe." Kicheko kinaanzia nyuma ya ukuta na kusambaa mtaa mzima. Mkunga ananyoosha kidole kumwonyesha pa kuanzia.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, mabibi na mabwana, nimepokea wito. Kidumu Kituo! Idumu huruma iliyoratibiwa! Asanteni sana kwa kunisikiliza.

Shangazi, hili linashikwa upande gani?