Ombi la Kuwanyang'anya Wajane Kura Kabla Matufaha Hayajakamuliwa

New Jersey, 7 Oktoba 1807

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Kama una homa, tafadhali isome hivyo hivyo, maana jambo lenyewe halingoji mtu apone.

Mimi ni Obadiah Terhune, fundi wa mapipa, umri miaka arobaini na mmoja, meno yote ninayo isipokuwa mawili. Naomba uwafikishie waheshimiwa wanaotutungia sheria ombi langu dogo: wanawake waondolewe haki ya kupiga kura. Waondolewe upesi, kabla matufaha ya mwaka huu hayajakamuliwa. Sababu zangu ni hizi.

1. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimposa Bibi Keturah Wyckoff, mjane mwenye shamba la matufaha. Ananikaribisha, ananikatia pai, ananicheka, kisha ananikatalia. Sheria yetu inasema mkazi mwenye mali ya pauni hamsini apige kura, naye mali hiyo anayo. Lakini akiolewa tu, shamba linakuwa la mume na kura yake imekwisha. Basi kila nikipiga goti ananiambia, "Inuka, Obadiah, unachafua suruali bure. Mume nilishakuwa naye. Kura ndiyo kwanza naionja." Nimewahi kushindwa na wanaume, Ndugu Mhariri, tena wenye farasi. Kushindwa na kikaratasi ni mara yangu ya kwanza.

2. Wanawake hawana akili ya siasa. Bibi Keturah husoma gazeti lako lote, hata hotuba, kisha hubadili mawazo kwa sababu ya alichokisoma. Sisi wanaume tunampa kura yule waliyempa baba zetu, au aliyetununulia kikombe cha mwisho, na ndiyo maana nchi imetulia.

3. Kuna udanganyifu. Tulipopiga kura mwaka huu kuamua mahakama ijengwe wapi, binamu yangu Lambert alivaa gauni la mama yake akapiga mara tatu, mara ya tatu akiwa na ndevu za siku mbili. Msimamizi alimwinamia akamwita mama. Sasa nauliza: kama wanawake wasingeruhusiwa, gauni lingemfaa nini Lambert? Kilichomponza ni gauni, na magauni ni ya wanawake. Haki itendeke, waadhibiwe wenyewe.

4. Hili linaniuma kweli. Nakula peke yangu, na nikikohoa hakuna wa kuniuliza kulikoni. Nampenda yule mama. Naye ananitaka, amekiri mbele ya dada yake, ila anataka na kura pia. Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye busara angejua lipi la kuachia.

5. Tena hatapoteza kitu. Nikishamuoa nitampigia kura mimi. Nitamuuliza anamtaka nani, kisha nitalifikiria.

Msalimie mkeo, wapanga herufi wako wote, na hata yule mbwa wenu aliyenirarua koti. Nabaki wako katika uhuru na usawa wa watu wote,

Obadiah Terhune

Nyongeza: Tafadhali sana, usiichapishe barua hii kabla ya Jumatano ijayo. Nilipokuwa natia nta bahasha, Bibi Keturah amekuja mwenyewe mlangoni kwangu, na kofia mpya. Akasema, "Haya bwana, umenichosha. Jumamosi hii twende kwa mchungaji." Nimelia kwa furaha, sioni haya kusema. Kisha nikakumbuka kwamba uchaguzi ni Jumanne, kwamba mimi nagombea usherifu, yaani ukuu wa askari wa kaunti, dhidi ya Teunis Polhemus mwenye kinu cha unga, na kwamba kwa hesabu yangu tuko sawa kabisa, nikimtia na Bibi Keturah upande wangu. Nikamwomba kwa heshima zote tuisogeze harusi hadi Alhamisi. Waheshimiwa nao na wangoje kidogo.

"Kumbe nawe unaijua ladha ya kura," akasema. "Sawa, nitangoja. Lakini mshika mawili, Obadiah..."

Hakumalizia. Ameshika njia akaenda zake, na hajasema Jumanne ataandika jina la nani.