Kitabu cha Kifaransa Nilichokitunga kwa Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa Kifaransa amehama. Mwalimu mkuu katangaza: tusipopata vitabu vya kujisomea wenyewe kufikia Ijumaa, somo linafutwa. Tuko wanafunzi tisa tu, na niliyelia ni mimi peke yangu. Chooni, bila sauti.

Jioni nikapata dawa. Kwenye mtandao kuna kitabu kizima cha Kifaransa, cha bure! Walimu watano wamekitoa kwa watu wote: chapisha, punguza, ongeza, gawa, mradi majina yao yabaki.

Jumanne, 4 Machi
Nimechapisha nakala tisa maktabani. Majina matano yalibanana sana kwenye jalada, nikayaondoa. Pakabaki peupe. Nikaweka langu. Lilikaa vizuri ajabu!

Mwalimu mkuu alikikumbatia kitabu. Akasema shule imepata mwandishi, na Alhamisi nitahutubia shule nzima. Kwa Kifaransa! Mimi, ambaye hata majina yakiitwa darasani hunong'ona "nipo"!

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi nilijifunika shuka, nikasema naumwa. Mama, ambaye ni muuguzi, alinigusa paji la uso, akasema mwanangu, hii si homa, umefanya kitu.

Mchana Kamusi, msichana ninayekaa naye dawati moja, asiyepitwa na jambo, aliniuliza kwa upole wa kutisha: eti mwandishi wetu, mbona kuna walimu watano mtandaoni wamekuibia kitabu, mpaka picha ya paka ukurasa wa sita?

Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Kabla ya kengele nilikimbilia maktabani kwa mzee mkutubi, nikamwaga yote. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akauliza, mjukuu wangu, kitu umepewa bure, halafu unakiiba?

Tukachapisha majalada mapya. Majina matano. Langu halipo. Nilipomweleza, mwalimu mkuu alifoka dakika tatu, kisha akauliza kama kweli ni bure. Kweli kabisa. Basi somo linabaki, akasema, na hotuba imefutwa.

Imefutwa! Nilirudi darasani mwepesi kama karatasi. Kamusi akaniambia, pole, mwandishi mstaafu. Hata haikuuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala fofofo. Nimeamka mtu mpya. Sitaondoa jina la mtu tena, abadan.

Nimepata kitabu cha Kijapani, bure pia, cha waandishi wanane. Majina yao yote nimeyaacha palepale, kwa heshima kubwa. Nimeongeza moja tu. Limetangulia yote, kwa kufuata mpangilio wa alfabeti.

Ya Kijapani, nadhani.