Kwa Nini Bwana Mkuki Analia

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Hatimaye! Kuanzia leo mimi si Pandu mfagia nywele tu. Mimi ni mtafsiri. Mama Antoinette, mwenye saluni, kanunua kanda za video za Kichina, kisa cha kale cha wanyang'anyi wa milimani, ili wateja wasichoke wakisukwa. Hazina maandishi ya Kiingereza. Kauliza nani anajua Kichina. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kwetu Tanga, kabla sijaja huku ugenini, kwenye vibanda vya video, mtafsiri alisimamia picha nzima kwa mdomo wake, na Kichina hakujua hata kidogo. Kazi ni koo!

Nimepewa kiti cha mbele, ubavuni mwa televisheni. Shujaa anatisha: ndevu mpaka kifuani, mkuki mrefu kuliko mlango. Nimemwita Bwana Mkuki. Kapiga askari, kapiga farasi, kavunja lango kwa kichwa. Anaclet wa duka la simu la jirani kakaa nyuma, kanuna. Anakitaka kiti changu. Namjua.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Bwana Mkuki kafa kwa mishale. Nikamzika vizuri, na dua nikamsomea. Tukaweka kanda inayofuata: huyu hapa, mzima, anakula bata! Kumbe namba za kanda ni za Kichina, nami nimeziweka kinyumenyume. Anaclet kauliza, kwa upole wa kinafiki, marehemu kapata wapi hamu ya kula. Nikasema ni pacha wake.

Kisha jitu letu la mkuki likapanda mlimani kwa kikongwe mmoja, likatua mzigo wa kuni, likapiga magoti na kulia. Nikasema ni mama yake. Goreth, msusi wetu, akaacha kusuka. Akasema, mama gani hamtazami mwanawe?

"Kama ule mutu ni mukali hivi," akaniuliza, "juu ya nini analia?"

Nikajifanya kanda imekwama. Mama Antoinette kasema kanda hiyo itarudiwa Jumamosi. Nikishindwa kueleza, kiti ni cha Anaclet, na mimi nirudi kwenye ufagio.

Alhamisi, 7 Agosti

Machozi yale hayanitoki kichwani. Si kwa ajili ya kiti tu. Nataka kujua kweli! Mtu asiyeogopa jeshi, anaogopa nini kwa kikongwe?

Mpango: kwenda kwa Bibi Lin, Mchina mwenye duka la vyombo mtaa wa pili, nijifanye mnunuzi, nimchokonoe. Kiingereza kikaniishia. Ikabidi niigize, fagio la dukani likiwa mkuki. Nikaangusha masufuria yote ya rafu ya juu. Bibi Lin kacheka mpaka kakaa chini, kisha akanieleza polepole, kwa Kiingereza chepesi na mikono, kisa alichokijua tangu utoto. Bwana Mkuki alivamia nyumba akidhani ni ya adui, akamuua kijana asiye na kosa. Kikongwe ni mama wa kijana. Kila baridi ikija jitu linampelekea kuni. Hajalisamehe. Nalo haliachi kwenda.

Nikamwokotea masufuria yote, moja moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Saluni imejaa. Anaclet kaja na shati la kukalia kiti. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, bila chumvi. Goreth kajifuta macho kwa taulo ya mteja. Hata Anaclet kauliza, taratibu, kama yule mama alikuja kusamehe. Nikasema sijui.

Mama Antoinette kasema kiti ni changu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari siku nzima kwa nini jana watu walilia. Jibu nimelipata: ni sauti yangu. Kisa chenyewe kikavu mno, bila koo hili kingezama. Kesho nakitengeneza. Kikongwe anasamehe, anageuka mwari mzuri, wanaoana na Bwana Mkuki, ngoma mpaka asubuhi.

Kuna kero moja ndogo. Goreth kamwalika Bibi Lin aje kutazama. Nimeshamtahadharisha Mama Antoinette kwamba Kichina cha yule bibi kina kasoro.