Katibu wa Ulinzi na Sanamu la Njia Panda

Jumatatu, 12 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi ndani ya mkate. Kisha habari mbaya kuliko vumbi.

Don Casimiro, mwoka mikate na mwenyekiti wetu wa mtaa, amebandika ajenda ya mkutano wa Jumapili mlangoni pa duka lake. Kwanza: mfereji. Pili: kufuta cheo cha Katibu wa Ulinzi. Yaani mimi! Nimevua miwani, nimeifuta, nimesoma tena. Bado mimi.

Nikamfuata ndani. Akaniambia, huku anakanda unga, kwamba nisichukie, jirani, lakini mtaa huu haujaibiwa kitu tangu mtungi wa gesi wa kina Condori, na ule mtungi tuliukuta jikoni kwao wenyewe. Nikamwambia hatuibiwi kwa sababu mimi nipo. Akasema sawa, basi tutashukuru na kupunguza vyeo. Filimbi na ufunguo wa king'ora vitakwenda kwa Doña Nieves, Katibu wa Usafi, maana yeye anaamka alfajiri kufagia hata hivyo. Doña Nieves! Mwanamke aliyenitoza faini ya maganda ya machungwa mbele ya watu. Maganda yenyewe yalikuwa ya mke wangu.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Naogopa. Tangu nifunge kibanda cha kutengeneza saa, hakuna anayegonga mlango wangu ila kwa ajili ya king'ora. Wakinivua filimbi nitabaki kuwa mume wa Doña Eduviges muuza salteña, zile sambusa za kuoka. Watu wataniuliza kama zimeiva.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekagua ulinzi wa mtaa. Tatizo nimeliona saa hiyo hiyo, liko juu ya nguzo ya njia panda.

Sanamu letu la mwizi limechakaa. Kila mtaa wa mji wetu wa El Alto una sanamu lake, limejazwa majani makavu, limening'inizwa pale ambapo mwizi akiingia atalisoma bango kifuani na kubadili nia. La kwetu halina mguu mmoja. Kichwa kimekuwa nyumba ya njiwa. Bango limefutika, limebaki neno MWIZI peke yake, kama vile tunamkaribisha. Kina Mollo, mtaa wa pili, wana sanamu lenye viatu!

Nikapata wazo. Sanamu jipya kabla ya Jumapili. Kubwa, zuri, la kutisha. Watu wakilitazama watasema: kazi ya nani hii? Ya Katibu wa Ulinzi. Na huyo tunamfutaje?

Nikamwomba Eduviges nguo zangu kuukuu za kulivisha. Akajibu kwamba nguo zangu kuukuu nimezivaa. Akaongeza kuwa nikipanda mwenyewe nikasimame huko juu nitafanana zaidi na mwizi, na yeye atapata nafasi ya kupanga jiko. Miaka yote hii ya ndoa, na hakuna hata suruali moja kwa ajili ya usalama wa umma.

Jumatano, 14 Agosti

Nguo zimepatikana!

Nilikuwa katika doria ya kawaida. Juu ya ukuta wa Doña Nieves nikaona suti ya kahawia imeanikwa. Koti na suruali. Kitambaa kizito, mabega mapana. Hajavaa mtu suti hiyo kwa muda mrefu, unaona hivyo kwa jinsi ilivyotulia. Mjane anaishi peke yake na mbwa. Suti ya nini?

Nikagonga mlango. Niligonga taratibu, nisimsumbue. Hakuna aliyejibu. Mbwa wake, Coronel, alinitazama bila kubweka, nikachukulia kuwa ni ridhaa. Huu si wizi. Ni mchango kwa mtaa, na mwenye mchango ataambiwa wakati unaofaa.

Jioni kazi imekamilika. Majani nimeyapata kwa mwenye punda, kichwa ni gunia la viazi, macho ni vifuniko vya soda. Ngazi nimeazima kwa Don Casimiro, hakuuliza. Bango nimeandika kwa rangi nyekundu: MWIZI UKISHIKWA UTACHOMWA. Limening'inia vizuri mno. Eduviges alitoka na shali yake, akalitazama, akasema huyo ni mwizi aliyefanikiwa maishani, aulizwe siri yake.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku kubwa!

Asubuhi mlango ukagongwa kwa ngumi. Doña Nieves, nywele hazijasukwa, machozi hadi kidevuni. Ameibiwa. Suti ya marehemu mumewe, Don Anselmo. Aliyofunga nayo ndoa. Kila Agosti anaianika kwa sababu ya nondo, na kila Novemba, siku ya wafu, anaivisha kiti pale mezani ili Anselmo akija kula aijue nafasi yake. Sasa Novemba hii atakaa wapi? Aliniuliza mimi, ananishika mikono. Mwanamke ambaye hajawahi kunishika hata bega.

Nikakaa chini kizingitini, kweli kabisa.

Kisha nikaelewa nilichosikia. Wizi! Mtaani kwetu! Siku chache kabla ya mkutano!

Nikakimbia kupiga king'ora. Watu wakamiminika njia panda, mmoja ana povu la sabuni usoni. Nikapanda juu ya kreti, nikahutubia. Nikasema hapa ndipo tulipofikia kwa kuwadharau walinzi. Nikanyoosha kidole kwenye sanamu, nikaapa kuwa aliyefanya hivi ataona. Wote walitazama kidole changu. Hakuna aliyetazama sanamu. Nimeishi hapa tangu barabara ikiwa matope na sijapata kuona mtu analitazama sanamu zaidi ya mara moja.

Don Casimiro akakohoa, akasema mbele za watu kuwa labda ile namba mbili aliiandika kwa haraka. Makofi! Nikaahidi kumpata mwizi kabla ya Jumapili.

Mpango ni rahisi. Nashusha suti, naikunja, naikabidhi mkutanoni. Imepatikana baada ya msako mkali, mwizi katoroka kuelekea kina Mollo. Doña Nieves analia, mimi nasema ni wajibu wangu tu. Kinachokosekana ni ngazi. Don Casimiro ameichukua apake rangi duka lake, na ameipanda mwenyewe, hashuki.

Ijumaa, 16 Agosti

San Roque, sikukuu ya mbwa. Nilikuwa nimesahau.

Mtaa mzima umetoa mbwa wake barabarani, wamefungwa riboni na vishada vya sufi masikioni. Kila mmoja anapewa mfupa na kuitwa mfalme. Siku nzuri kwa wengine.

Coronel hakutaka mfupa. Alikwenda moja kwa moja njia panda na riboni yake nyekundu, akakaa chini ya nguzo, akainua pua. Akaanza kulia. Si kubweka, kulia. Sauti ndefu, ya mtu anayemwita mtu. Mbwa wa kina Condori akaja akamsaidia. Kisha wengine. Kabla ya chakula cha mchana palikuwa na kundi zima la mbwa waliovaa riboni wakiomboleza chini ya sanamu langu.

Watu wakatoka kushangaa. Nikawaeleza ni upepo, unaingia katika mabega ya koti na kutoa mlio ambao sisi hatuusikii. Bibi mmoja akaniuliza nimesomea wapi mbwa.

Ndipo akapita Don Policarpo, fundi viatu, ameshaanza sikukuu tangu asubuhi. Akasimama. Akavua kofia. Akatazama juu, akacheka kwa furaha, akasema kwa sauti, “Anselmo, compadre! Umepanda cheo kweli, hata salamu hujibu siku hizi!”

Kila mtu akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, hadi koo likaniuma. Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani, nikamwambia alale, amelewa. Akasema hajalewa kiasi cha kutomjua mtu aliyemsimamia ndoa.

Mchana nimempa Coronel kipande chote cha nyama nilichowekewa. Amekula, amenilamba mkono, amerudi chini ya nguzo.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo kulikuwa na mpira. Mchana, wote wamejifungia na televisheni. Barabara tupu. Nikabeba meza ya salteña ya Eduviges, juu yake kigoda, juu yake kreti. Mtu aliyezoea saa anajua kusawazisha vitu.

Nikafika. Nikakata kamba ya kiunoni. Nikaanza kufungua vifungo vya koti, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, Coronel huko chini ananitia moyo kwa sauti yake yote.

Hapo nikasikia filimbi.

Lazima nieleze kwamba ni mimi niliyeufundisha mtaa huu. Ukiona mtu juu ya nguzo, usiulize, piga filimbi, toka, zungusha duara, funga njia zote. Mazoezi tumefanya mara nyingi na kila mara walikuja wakijivuta, na vikombe vya chai mkononi. Leo walitoka kabla sijashusha mguu mmoja! Duara safi, hakuna mwanya. Kina mama mbele na mifagio, kama nilivyowaelekeza. Kwa kitambo kidogo niliona fahari, siwezi kukana.

Aliyepiga filimbi ni Eduviges. Filimbi niliiacha juu ya kabati. Alitoka kutafuta meza yake.

Kreti likateleza. Nikamkumbatia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni sanamu. Kamba iliyobaki ikakatika. Tukashuka wote wawili, mimi na yule bwana, tukaangukia lundo la takataka ambalo Doña Nieves alilifagia asubuhi. Kichwa cha gunia kikabingirika hadi miguuni pake. Mimi nikabaki na suti kifuani, na bango lilikuwa limenining'inia shingoni.

Msichana mmoja akalisoma kwa sauti, kama shuleni. Mwizi, ukishikwa, utachomwa.

Halafu Don Policarpo akasema, “Mliniita mlevi. Haya, Anselmo huyu hapa, na aliyemleta mnamwona.”

Sijui wangenifanya nini. Kiberiti nilikiona, mkononi mwa mtu ambaye huwa tunacheza karata. Doña Nieves akawasukuma kando, akachukua koti. Akapangusa majani kwenye kola. Akaliweka usoni, akasimama hivyo muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kusogea. Nikamwambia sikujua ni la Anselmo. Akasema, kwa upole ambao ningependa zaidi angenipiga fagio, “Ulijua ni la mtu, Don Fortunato.”

Kisha akawaambia warudi kwenye mpira. Wakarudi. Coronel akamfuata, na hakulia tena.

Sikula jioni. Nilikuwa na aibu. Naandika neno hilo mara moja na inatosha.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano. Nimekaa nyuma, mgongo unauma.

Mfereji umeahirishwa, kama kawaida. Namba mbili: Don Casimiro akasimama, akasema cheo cha Katibu wa Ulinzi hakifutwi. Imethibitika kuwa mtaa una mwizi. Kicheko, hadi mabati yakalia. Cheo kimepewa Doña Nieves pamoja na usafi. Nikaitwa mbele. Nikamvalisha filimbi mimi mwenyewe, kamba ikanaswa kwenye kofia yake, tukahangaika nayo wote wawili mbele ya watu.

Adhabu yangu: nitafagia njia panda hadi siku ya wafu, na nitatoa nguo za sanamu jipya. Nikasema sina nguo za kutoa. Eduviges akasimama katikati ya ukumbi na mfuko. Ndani koti langu la buluu, suruali yangu nzuri, na kofia. Jumanne hapakuwa na kitu!

Jumatano, 21 Agosti

Sanamu jipya limepanda. Eduviges ameshona uso, na hata masharubu ameweka. Watu wote wanasema ni mimi mtupu.

Naona lazima niandike matokeo bila upendeleo. Kila anayepita sasa anatazama juu. Wanalisalimia! Don Fortunato, habari za huko, upepo unaendeleaje? Don Policarpo anavua kofia. Nilipokuwa na filimbi hawakunisalimia nusu ya hivyo. Na ulinzi umeimarika kupita kiasi. Nikifungua mlango tu, Doña Nieves anaweka filimbi mdomoni. Nikienda kununua mkate, mapazia yanafunuka njia nzima. Hakuna mtaa unaokesha kama huu, na ni kazi ya nani? Kina Mollo waje waone.

Kasoro ni moja. Balbu ya ile nguzo imeungua, kwa hiyo jua likizama koti halionekani, na ni koti zuri. Leo nikifagia nimeona kuwa balbu ya mlango wa kanisa inawaka mchana kutwa, haimwangazii mtu. Taa kubwa, nyeupe. Inapotea bure, wakati mtaa unaihitaji.

Nikagonga mlango wa sakristia. Niligonga taratibu, nisimsumbue padri. Hakuna aliyejibu.